Seftriaksoni humwuaje bakteria ambaye tayari ana ukuta?

Mwanafunzi wa uuguzi
Habari zenu wanajukwaa. Tumefundishwa kwamba seftriaksoni, ambayo ni antibiotiki ya kundi la sefalosporini, kizazi cha tatu, huzuia bakteria kujenga ukuta wa seli. Lakini bakteria aliyekwisha kumshambulia mgonjwa ana ukuta wake kamili. Kuzuia ujenzi kunamwuaje, badala ya kumwacha abaki kama alivyo? Na je, wigo wake mpana, yaani uwezo wake wa kuua aina nyingi za bakteria, unatokana na nini?

Mfamasia
Jambo la kuzingatia ni kwamba ukuta huo haumaliziki kujengwa. Umefumwa kwa peptidoglikani, yaani minyororo ya sukari iliyounganishwa kwa vipande vifupi vya asidi amino, na bakteria anapokua hulazimika kuukata hapa na pale ili aingize nyuzi mpya, kisha azifunge. Kazi ya kukata ina vimeng'enya vyake, na kazi ya kufunga ina vingine, ambavyo hutambua mahali pa kufunga kwa kuona molekuli mbili za D-alanini (aina ya asidi amino) zilizofuatana. Pete ya beta-laktamu, yaani pete ndogo ya atomi iliyomo ndani ya seftriaksoni inafanana sana na jozi hiyo, kwa hiyo kimeng'enya cha kufunga huidaka dawa, pete hufunguka, na dawa hunasa papo hapo. Kufunga kunakoma huku kukata kukiendelea, mpaka ukuta unashindwa kuhimili msukumo wa maji yaliyomo ndani ya seli, nayo inapasuka.

Kwa maneno mengine, dawa haiubomoi ukuta. Bakteria huubomoa mwenyewe. Ndiyo sababu wale waliolala bila kukua huweza kuivumilia. Seli za binadamu hazina peptidoglikani, hivyo hazina cha kukatwa wala kufungwa.

Tabibu
Naomba niongeze kuhusu wigo. Bakteria wa Gramu-hasi, kundi moja kubwa la bakteria, wana utando wa nje ambao dawa hii huupita kupitia vitundu vya protini, na muundo wake wa pembeni huikinga dhidi ya beta-laktamasi nyingi za zamani, yaani vimeng'enya vya kuvunja pete. Kwa hiyo hutibu nimonia, kisonono na homa ya uti wa mgongo. Hata hivyo, wigo mpana si wigo wa kila kitu. Mikoplasma hana ukuta kabisa. Enterokoki na listeria wana vimeng'enya vya kufunga ambavyo dawa haivishiki vizuri, na ndiyo maana ampisilini huongezwa pale listeria anaposhukiwa kusababisha homa ya uti wa mgongo. Wapo pia bakteria wenye beta-laktamasi za wigo mpana, na hao huivunja seftriaksoni yenyewe.

Mwanafunzi wa uuguzi
Nashukuru sana, sasa picha imekaa sawa. Ikiwa bakteria hufa wakati anapokua, sindano moja kwa siku inatoshaje?

Mfamasia
Kinachohitajika ni dawa kubaki juu ya kiwango cha kuzuia bakteria kwa muda mrefu. Kuipandisha juu sana kwa muda mfupi hakusaidii sana. Sehemu kubwa ya seftriaksoni, kati ya asilimia 85 na 95, hushikamana na protini za damu na kuachiliwa taratibu, na nusu-uhai wake, yaani muda wa kiasi chake kupungua kwa nusu, kwa mtu mzima ni takriban saa 6 hadi 9. Sefalosporini nyingi za kizazi cha kwanza hutoka mwilini haraka zaidi, hivyo hutolewa mara kadhaa kwa siku.