Historia ya ushirika wa St. Andrew's, Nairobi: nianzie wapi?

Mwandishi wa Kamati: Wapendwa, wazee wa kanisa wamenipa kazi ya kuandika historia fupi ya St. Andrew's, ule ushirika wa PCEA (Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki) ulio karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Rasimu niliyoikuta inaanza na reli na walowezi wa Kiskoti, kisha inaruka hadi kwa wachungaji Waafrika kana kwamba walishuka kutoka mbinguni. Je, ushirika huu uliingiaje PCEA?

Mjukuu wa Thogoto: Ndugu, usianze na reli. Misheni ya Waskoti ilianzia Kibwezi mwaka 1891, na malaria ilipowaandama wamisionari ikahamia Thogoto, karibu na Nairobi, mwaka 1898, mwaka mmoja kabla reli haijafika Nairobi. (Hata jina Thogoto ni neno Skoti lililopitia kinywani mwa Wakikuyu.) Waumini wa misheni na walowezi wa mjini walikuwa Wapresbiteri wote, lakini chini ya mabaraza tofauti: PCEA iliundwa mwaka 1943, ikaungana na misheni ya Gospel Missionary Society ya Kambui mwaka 1946, ilhali St. Andrew's, iliyokuwa ya Wazungu, ilibaki katika Presbiteri ya Ng'ambo ya Kanisa la Scotland. Presbiteri hiyo iliungana na PCEA mwaka 1956, Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ikiwa bado haijaondolewa, na hilo ndilo jibu la swali lako.

Mwanakwaya Mstaafu: Naafiki, ila usiandike kana kwamba mwaka 1956 ulimaliza kila kitu. Moderata (kiongozi mkuu) wa kwanza Mwafrika wa PCEA, Charles Muhoro Kareri, alishika wadhifa huo mwaka 1961, naye John Gatu akawa Katibu Mkuu wa kwanza Mwafrika mwaka 1964. Mimbari nayo isisahaulike, kwa kuwa Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri hapo akiuliza kama tawala za chama kimoja barani Afrika zingesalimika baada ya zile za Ulaya Mashariki kuanguka, na viongozi wa KANU, chama tawala cha wakati huo, wakamshambulia vikali. Kamati nyingine huogopa kuyaandika hayo, yenu isiogope.

Mwandishi wa Kamati: Nawashukuru sana. Kibwezi itatangulia, na mwaka 1956 nitaupa sura nzima. Ninachokosa ni sauti za waumini wenyewe, kwa hiyo mwenye mzazi au nyanya aliyeabudu hapo miaka hiyo na aniandikie, hasa kama bado ana cheti cha ubatizo au picha ya arusi.