Bazuka yapiga kibanda cha mabati, kibanda kimesimama. Tunalipia nini hasa?

Wacheza gemu wa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni, uzi huu ni wa hasira na nitauandika kwa hasira.

Gemu mpya kubwa sasa ni dola 70, karibu shilingi 9,000. Kwa pesa hiyo unaoneshwa jasho linalometameta kwenye paji la uso la askari na dimbwi linaloakisi kila taa ya barabarani. Kisha unarusha bomu la mkono chini ya meza ya mbao, na meza haisogei hata inchi! Kioo cha duka kinapasuka vipande vilevile vya duka la jirani, na ukigeuka ukitazama tena, havipo. Hilo tundu la risasi ukutani nalo ni stika tu. Zikizidi idadi iliyopangwa, ya kwanza inabanduliwa kimyakimya.

Ukiuliza, wapo wanaorukia kusema ati mashine haziwezi. Haziwezi vipi, yakhe? Gemu ya Red Faction ya 2001, kwenye PS2 (PlayStation 2), ulitoboa mwamba kwa makombora ukajitengenezea handaki lako. Red Faction: Guerrilla ya 2009 ikaenda mbali zaidi: kila jengo lilipigiwa hesabu ya uzito na nguzo zinazoubeba, ukivunja za kutosha linajiangukia lenyewe. Hiyo ilikimbia kwenye PS3 yenye MB 512 za memori kwa jumla, nusu yake ni ya picha. PS5 ina GB 16, yaani mara 32.

Kizazi cha PS4 nakipa nusu udhuru. Mwaka 2013 memori ilipanda, kadi ya picha ikapanda, lakini prosesa ilikuwa ya viini 8 vya GHz 1.6, dhaifu kabisa, na fizikia nyingi, yaani hesabu ya vitu kuanguka, kugongana na kuvunjika, huhesabiwa na prosesa. PS5 ilipokuja 2020 na viini 8 vya hadi GHz 3.5, udhuru huo ulikwisha.

Sababu za kweli ni hizi, na hakuna hata moja isiyo na dawa. Kwanza mwanga. Kwa miaka mingi mwanga na vivuli vilikokotolewa studioni na kubandikwa kwenye kuta kama karatasi ya ukutani. Ukibomoa ukuta, kivuli chake kinabaki hewani, kwa hiyo rahisi ni kukataza ukuta usibomoke. Sawa, lakini sasa mwanga wenyewe unahesabiwa papo hapo unapocheza, nao ndio wanaoutangaza kwenye kila trela! Mbona ukuta bado ni wa chuma?

Pili mtandao, na hapa ndipo pana kazi. Chukua vifusi 1,000. Kila kimoja kinahitaji baiti 12 za mahali kilipo na 16 za kilivyogeuka, jumla 28. Tuma mara 30 kwa sekunde: baiti 840,000, karibu megabiti 6.7 kwa sekunde (Mbps) kwa mchezaji mmoja, kwa vifusi tu. Intaneti ya mtaani haibebi upuuzi huo. Lakini nani kasema utume vyote? Unatuma tukio: ukuta namba fulani, umepigwa hapa, kwa nguvu hii. Changarawe na vumbi kila mashine inajichorea yenyewe, seva, ile kompyuta ya kati inayowaunganisha wachezaji, inashikilia mapande makubwa tu, yale ya kujificha nyuma yake. Na kifusi kilichotulia kinalazwa, hakihesabiwi tena mpaka kiguswe. The Finals ya 2023 inahesabu ubomoaji kwenye seva, ghorofa zinaporomoka katikati ya mechi, na wachezaji wote wanaona kifusi kilekile.

Tatu, adui wa kompyuta anatembea kwa ramani ya njia iliyochorwa mapema. Ukuta ukitoboka, ramani ichorwe upya, angalau kile kipande. Ni kazi, si muujiza.

Kinachoniudhi zaidi ni ubomoaji wa maigizo. Ghorofa la Shanghai kwenye Battlefield 4 linaanguka vizuri, mara ya kwanza. Mara ya kumi linaanguka vilevile, kwa sababu ni filamu. Nenda Mji wa Kale utazame nyumba ya matumbawe na chokaa. Boriti zimelala upande mmoja, vichwa vyake vimeingia kwenye kuta mbili. Ukibomoa mojawapo ya hizo mbili, dari inashuka. Ukibomoa ukuta unaokwenda sambamba na boriti, dari inabaki juu. Fundi yeyote wa Kuze anajua hivyo bila kompyuta. Gemu ikijua jambo hilo moja tu, nani abeba nani, mchezaji ataanza kufikiri kabla ya kufyatua.

Msiniletee gemu ya Teardown kama dawa ya kila kitu. Naipenda. Dunia yake ni vijisanduku vya sentimita 10, unakata unapotaka. Lakini haihesabu uzito: nyumba nzima itasimama juu ya kijisanduku kimoja kilichobaki. Na Zelda: Breath of the Wild, kwenye Switch, mashine ya Nintendo yenye memori ya GB 4, nyasi zinashika moto, moto unazaa upepo wa kukuinua, chuma kinavuta radi. Hapo hakuna ghorofa linaloanguka, ila kila kitu kinajua kimeumbwa na nini.

Hata fizikia inapokuwepo, wengine wameifunga kwenye fremu, yaani idadi ya picha zinazochorwa kila sekunde. Skyrim Special Edition ikipita fremu 60, vikombe vinaruka mezani vyenyewe. Fungua faili la mipangilio, Skyrim.ini, chini ya kichwa [HAVOK] andika fMaxTime, thamani yake ni 1 gawanya kwa fremu zako: kwa 120 ni 0.0083. Kazi hiyo tumeachiwa sisi wanunuzi.

Kabla ya kutoa 9,000 zako, azima gemu dakika kumi. Piga kioo kilekile pembe mbili tofauti, uone kama kinapasuka tofauti. Gonga mlingoti wa taa kwa lori, kisha kwa pikipiki. Rusha moto kwenye nyasi kavu, utazame kama unafuata upepo. Lipua ukuta, zunguka mtaa dakika tano, urudi uone kifusi kipo au kimefagiliwa.

Wekeni majibu hapa chini: jina la gemu, ulipiga kwa nini, nini kilivunjika. Trela sitaki.