Riwaya ya kusoma ufukweni: je, urafiki wa wanawake wawili unatosha kuibeba hadithi?

Mwandishi wa Entebbe

Ndugu wasomaji, hamjambo. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika riwaya ya Kiswahili, si ndefu, ambayo ningependa msomaji aianze akiwa kwenye feri pale Nakiwogo, Entebbe, na aimalizie mchangani Lutoboka, ng'ambo ya ziwa, kabla likizo yake haijaisha. Inamhusu Nakato, mjane wa Mukono aliyefukuzwa nyumbani na ndugu za mumewe wiki moja baada ya mazishi, pamoja na Zaituni, rafiki yake tangu shule ya bweni, ambaye alilelewa Bombo na sasa anakausha na kuuza mukene, yaani dagaa wa ziwani, katika kisiwa cha Bugala, Ziwa Viktoria. Nakato anavuka ziwa na begi moja, na maisha yake mapya yanaanzia hapo.

Waliousoma mswada wamegawanyika. Mmoja anasema riwaya pendwa, yaani ya kuburudisha, haiuziki bila mapenzi, kwa hiyo yule mwenye hoteli anayejitokeza katika sura ya tisa apewe nafasi kubwa na amwoe Nakato mwishoni. Mwingine anaona kwamba wanawake wawili wanaofarijiana kwa kurasa mia mbili watamchosha msomaji. Mimi sitaki harusi. Nataka urafiki wenyewe uwe mhimili, na nataka uandikwe kwa Kiswahili kwa sababu hapa kwetu Uganda lugha hii ilibebeshwa kwa miaka mingi jina la lugha ya askari na kambi, na hadi leo nakutana na watu wazima wanaoshtuka wakiisikia. Natamani waisikie vinywani mwa wanawake wawili wanaogawana chai. Nifanye nini ili riwaya ibaki nyepesi bila kuwa tupu?

Mwalimu wa Kiswahili, Mbarara

Dada, hongera kwa kazi. Kwanza usiionee haya riwaya pendwa. Msomaji anayefungua kurasa haraka ili ajue kilichompata Nakato anasoma kwa moyo wote, na wanafunzi wangu wengi waliipenda lugha hii kupitia vitabu vya namna hiyo kabla hawajakutana na vile vya mtihani.

Hata hivyo, huyo msomaji wako wa pili ana hoja. Faraja ikiwa nyingi, hadithi husimama. Naomba uniambie: Zaituni anapata hasara gani kwa kumpokea mwenzake? Katika muhtasari wako yeye ni mwema tu, na mtu aliye mwema tu hana cha kufanya katika sura inayofuata. Mpe akiba aliyoiweka kwa ajili ya karo ya binti yake, halafu aitumie kumlipia Nakato kodi ya chumba bila kumwambia. Siku karo inapodaiwa, marafiki hao watakuwa na jambo la kuzungumza ambalo hakuna mwenye hoteli anayeweza kulimaliza.

Mkazi wa Kalangala

Nimezaliwa visiwani, na nimefurahi sana kuona mukene ukitajwa katika riwaya, lakini tafadhali uandike kazi hiyo kama ilivyo. Samaki hawa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza la mwezi. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hauwavuti vizuri, mitumbwi hukaa ufukweni na wanawake hupumzika. Hapo una kalenda ya riwaya yako bila kuitafuta: siku za giza ni za kazi na ugomvi mfupi mfupi, siku za mbalamwezi ni za kusuka nywele na kuambiana yale yaliyofichwa.

Halafu kuna suala la mchanga. Anayeanza bila mtaji humwaga mukene wake chini, juu ya mchanga mtupu, nao hukauka na chembe ambazo huzisikii kwa vidole ila kwa meno. Mzigo huo huishia kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei ya chini. Anayeanika juu ya kichanja cha nyavu huuza kwa watu, na kwa bei nzuri zaidi. Mvua ikinyesha saa sita mchana, wote wawili hukimbia, lakini wa mchangani ndiye hupoteza vyote. Kwangu mimi, siku Nakato atakapopigilia msumari wa kichanja chake mwenyewe ndiyo siku atakayokuwa ameanza upya, na ningeisoma sura hiyo mara mbili.

Jambo dogo: usiwaogeshe penye matete. Kichocho kipo ziwani, na Zaituni analijua hilo.

Msomaji anayefanya kazi ya sheria, Kampala

Mimi ninauliza mwaka. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya urithi vilivyowabagua wanawake mwaka 2007, lakini Bunge lilikawia hadi Sheria ya Urithi (Marekebisho) ya mwaka 2022. Chini ya sheria hiyo, mume akifa bila wosia na kuacha mjane, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, mjane hupata asilimia 20 ya mali, watoto 75, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Nyumba ya familia haimo katika mgawo huo, na kumfukuza mjane humo ni kosa la jinai.

Kwa hiyo, ikiwa Nakato amefukuzwa juzi, msomaji wa Kampala atashangaa kwa nini hakuna hata mmoja anayelitaja jambo hilo. Sikuombi uandike riwaya ya mahakamani. Lakini rafiki anayejua kusoma tangazo lililobandikwa ofisini, na anayemsindikiza mwenzake kuvuka ziwa tena, ni rafiki wa aina ambayo tunawaona kila wiki wakikaa kwenye benchi la nje, wakishika begi la mtu mwingine.

Mwandishi wa Entebbe

Mwalimu na ndugu zangu, nawashukuru mno. Hadithi nitaiweka mwaka 2023, na yule mwenye hoteli nimemwondoa leo asubuhi. Sura ya tisa sasa ni safari ya kurudi Mukono. Zaituni amefunga kazi siku mbili katikati ya giza la mwezi, wakati samaki ni wengi, na Nakato anajua hasara yake ni kiasi gani kwa sababu sasa naye anaweza kuihesabu. Wamekaa kwenye benchi. Begi liko mapajani mwa Zaituni, na suala la karo bado hawajaligusa.