UZI WA POVU: Mwisho wa The Last of Us, acheni kumtetea Joel kwa kisingizio cha chanjo

Wakuu habari za mchana. Kama hujamaliza The Last of Us na una mpango wa kuimaliza, kula kona sasa hivi, humu namwaga kila kitu na sitaki lawama za spoila.

Nimevumilia sana ila leo imetosha. Kwa mgeni: Joel anamsafirisha Ellie, mtoto mwenye kinga dhidi ya fangasi inayogeuza watu mazombi, ampeleke kwa Fireflies, kundi la waasi wanaotafuta chanjo; mwishoni wanataka kumpasua ubongo na atakufa, Joel anawaua na kumtorosha. Mtu akileta mada ya mwisho wa hii gemu, yaani hata hajamaliza kujieleza, lazima aibuke daktari wa mtandaoni kutuambia eti chanjo isingefanya kazi. Eti fangasi haina chanjo, eti Fireflies walikuwa wahuni tu, eti hata wangeipata wangeisambazaje na mafuta hamna barabara hamna serikali ndo hivyo tena. Afu anamalizia kwa mbwembwe, "kwa hiyo Joel hana kosa, mada ifungwe". Laiki zinamiminika. Na mada inafungwa kweli, maana nani ataongelea tena habari za Ellie wakati watu washaanza kubishana kuhusu majokofu ya kutunzia chanjo?

Sasa nyie wataalamu naombeni mnijibu kitu kimoja tu na msinizungushe. Kama chanjo ilikuwa upuuzi, Joel anadanganya nini?

Hapo hapo, usihame. Ameua watu hospitali nzima Salt Lake City, amembeba mtoto mikononi hadi chini kwenye maegesho, amemmaliza Marlene, kiongozi wa Fireflies, akiwa chini anaomba asiuawe. Mtoto anaamka siti ya nyuma ya gari anauliza nini kimetokea. Kama Joel anaamini wale jamaa walikuwa matapeli, si anamwambia tu ukweli? "Walitaka kukuua bure, nimekutoa." Basi. Huo ukweli ungemfanya awe shujaa mbele ya Ellie maisha yake yote. Lakini hasemi hivyo. Anatunga hadithi kwamba wapo wengine kibao wenye kinga kama yeye, makumi ya watu, na kwamba Fireflies wameshakata tamaa hawatafuti tena dawa. Mtu hatungi uongo mzito wa namna hiyo kama ukweli uko upande wake. Anatunga kwa sababu anajua Ellie angechagua nini, na anajua hataki kusikia hilo chaguo.

Na ukitaka ushahidi zaidi rudi pale Joel anapozinduka kitandani, Marlene anamwambia kwamba ili wapate dawa lazima watoe kile kilichoota kwenye ubongo wa Ellie. Joel anasema nini? Hasemi "daktari wenu kanjanja". Hasemi "fangasi haina chanjo". Anasema tafuteni mwingine. Marlene anamjibu hakuna mwingine. Yaani jamaa hana tatizo na sayansi ya mtu yeyote pale, tatizo lake ni kwamba anayepasuliwa ni huyu. Baadaye kule chini Marlene anamwambia hiki ndo Ellie angekitaka na wewe unajua, na kamera inakaa usoni kwa Joel, na Joel hana jibu. Nyie mnaokuja na makala za fangasi mnamsaidia hoja ambayo mwenyewe hakuwahi kuitoa.

Afu kuna hili la rekoda, Mungu anisamehe, hili ndo linanipandisha presha. Pale hospitali unaokota rekoda ya daktari, humo ndani anataja "past cases", yaani kesi zilizopita. Basi watu wamekomalia hapo kama mawakili, eti mnaona, kumbe kulikuwa na wengine wenye kinga wakapasuliwa wakafa na dawa haikupatikana. Sasa sikiliza rekoda yote usisikilize nusu. Daktari huyo huyo anaanza kwa kusema maambukizi ya huyu binti hajawahi kuona kitu kama hicho. Kesi zilizopita ni za wagonjwa wa kawaida wanaogeuka mazombi, anawalinganisha na Ellie. Hao "wengine wenye kinga" mmewatoa wapi? Mmewatoa mdomoni kwa Joel! Kwenye gari! Ndani ya uongo wenyewe! Mnatumia uongo wa mtuhumiwa kama ushahidi wa kumwachia huru mtuhumiwa, na hamuoni hata aibu.

Nitawapa moja tu. Chumba cha upasuaji kwenye toleo la 2013 la PS3 kweli kilikuwa kichafu, kuta za kijani zimechakaa, ukiangalia unajiuliza hapa wanapasua ubongo au wanachinja mbuzi. Walipokirudisha kwenye gemu ya pili, Part II, mwaka 2020 kimesafishwa, kinang'aa, na wapo waliolalamika kwamba watengenezaji wamebadilisha mandhari ili Fireflies waonekane wanajua wanachofanya. Hiyo hoja naiheshimu, ina mashiko. Na mwaka 2025 Neil Druckmann akasema waziwazi kwamba nia yao ilikuwa Fireflies wangeweza kweli kuipata dawa, watu wakamtukana eti mtunzi haruhusiwi kutafsiri gemu yake. Sawa, mwacheni Druckmann, simhitaji. Gemu yenyewe inatosha kama ungeiangalia badala ya kuirukaruka.

Maana chanzo kingine cha huu upotoshaji mimi nakijua. Kuna kibanda cha gemu huku mtaani kwetu, PS unalipia kwa saa, wengi wanacheza mpira ila wapo wachache wanaokomaa na hizi za stori. Dogo mmoja nimemkuta yuko mwishoni kabisa, kila video ikianza anabonya kuruka, namwambia dogo hiyo usiruke ndo stori yenyewe, ananiambia bro muda wangu unakata. Kafika mwisho, skrini ikawa nyeusi, majina yakaanza kupanda, kageuka ananiuliza "imeisha? bosi wa mwisho yuko wapi sasa?" Simlaumu, hela ni yake na muda ni wake. Ila dogo huyo huyo jioni yuko kwenye magrupu anachambua maadili ya Joel kwa kujiamini kuliko sisi tuliokesha.

Turudi kwenye mada, maana fumbo la huu mwisho halikuwahi kuwa chanjo. Fumbo ni Ellie. Gemu yenyewe inakwambia hivyo kwa vitendo, ile sehemu ya mwisho kabisa karibu na mji wa Jackson, gari limezima mnatembea msituni, pedi iko mkononi mwako lakini humchezi Joel tena. Unamcheza Ellie. Umekaa na Joel gemu karibu nzima, umemuulia watu, hata yule daktari huna ujanja wa kumkwepa, mpaka umuue ndo gemu inasogea, afu dakika ya mwisho wanakutoa ndani ya kichwa cha Joel na kukuweka upande wa anayedanganywa. Unatembea nyuma ya mgongo wa Joel, na jamaa ghafla amekuwa mzungumzaji, anasimulia habari za binti yake Sarah ambaye gemu zima alikuwa hataki hata atajwe, anasema mngependana nyie wawili. Na Ellie kanyamaza. Yule mtoto mwenye mdomo kama cherehani, kanyamaza, anajibu neno moja moja. Hamkuliona hilo?

Afu Ellie anamsimamisha Joel. Anamsimulia Riley, rafiki yake, walivyong'atwa wote kule Boston wakakubaliana wasubiri wapoteze akili pamoja, na kwamba yeye bado anasubiri zamu yake. Anawataja waliokufa, Riley, Tess, Sam. Joel anaanza mahubiri yake ya kutafuta kitu cha kupigania, Ellie anamkata. Niapie kwamba yote uliyosema kuhusu Fireflies ni kweli. Naapa. Kamera usoni kwa Ellie, anamtazama, macho yanacheza kidogo, anatikisa kichwa kwa mbali. "Okay." Giza.

Kuna kambi inasema aliamini. Kuna kambi inasema hakuamini hata chembe. Na kuna kambi ya tatu, wavivu, wanaosema "cheza Part II utajibiwa". Nimecheza. Part II inatuonyesha kwamba baadaye Ellie alirudi mwenyewe mpaka ile hospitali kutafuta ukweli, na akamlazimisha Joel aseme. Sasa hilo linajibu nini? Mtu aliyeridhika na kiapo harudi safari yote ile kwenda kupekua jengo bovu. Na mtu anayejua kila kitu naye haendi, anakwenda kutafuta nini? Mimi msimamo wangu ndo huu na mnipinge kwa hoja: pale juu ya kilima alijua anadanganywa, ila hakujua anadanganywa nini. Na akaamua kumwachia kwa siku hiyo, kwa sababu huyu ndo mtu pekee aliyebaki, asipomkubali huyu arudi kwa nani? Hiyo "Okay" ni ya mtoto wa miaka 14 anayefunga mlango makusudi. Hata ile tamthilia ya HBO msimu wa kwanza ulipoisha Machi 2023 waliacha neno hilo hilo na giza hilo hilo, hawakuthubutu kuongeza kitu.

Na kabla hamjanirukia kwamba namchukia Joel, hapana. Marlene naye hakumuuliza Ellie. Alimpata kazirai baada ya kuzama majini, akaamuru apelekwe moja kwa moja kupasuliwa, na kwenye rekoda yake anamwambia marehemu Anna, mama yake Ellie, kwamba hata yeye kuombwa ruhusa ilikuwa kama kutimiza utaratibu tu. Ellie mwenyewe siku ile walipowaona twiga, kabla ya kufika hospitali, Joel alimpa nafasi warudi, akakataa, akasema yote waliyopitia hayawezi kuwa bure, lakini akaongeza kwamba wakimaliza wataenda popote Joel anapotaka. Maana yake alikuwa anapanga kuishi. Kwa hiyo wale wa "alijitolea kufa" na nyie mkae chini, hakuna aliyewahi kumwekea hilo swali mezani. Si Marlene, si Joel. Ndo maana inauma.

Haya. Komenti yoyote yenye fangasi, majokofu au "past cases" siijibu. Anayetaka kubisha kwamba Ellie aliamini kila kitu aanze na lile gauni. Mtoto alizimia akiwa na nguo zake, kaamka siti ya nyuma kavaa gauni la wagonjwa, kichwa kizito kwa dawa ya usingizi, na wa kwanza kuliuliza hilo gauni ni yeye mwenyewe. Kama Fireflies walishaacha kutafuta dawa na hawakumhitaji, walimvua nguo na kumlaza ili iweje? Na kwa nini baada ya kusikia maelezo ya Joel aligeuka akampa mgongo? Nasubiri.