Nyumba ya kupanga miezi michache Mwanza: faiba au ruta ya laini?

Mgeni wa Jiji
Wakuu, salaam. Nahamia Mwanza mwezi ujao kikazi, nyumba nimeshapata, ni ya muda mfupi. Je, nivute faiba (intaneti ya waya), ninunue ruta ya 5G inayotumia laini ya simu, au nibaki na bando la simu? Nataka kulipia wiki hii.

Mama Buzuruga
Mtoa mada, mtaa gani? Miezi mingapi? Unafanyia nini hiyo intaneti? Mji huu ni wa mawe, nyumba mbili jirani zinaweza kupata mtandao tofauti kabisa.

Fundi Nyakato
Faiba, mkuu, usihangaike. Waya ukishapita mtaani kwenu, hakuna ruta ya laini itakayoufikia kwa utulivu. Majirani wote wawe wanaangalia mpira, yako inatembea vilevile. TTCL wana Faiba Mlangoni Kwako, ulizia kama imefika hapo.

Binti Kerewe
Fundi, faiba imfae mwenye nyumba. Mimi nilipanga Buswelu, kampuni moja ikanivutia waya kwa mkataba wa mwaka. Mwaka haujafika nusu, kazi ikanipeleka Nyegezi. Naomba nihamishiwe huduma, naambiwa huko waya haujafika. Basi nivunje mkataba. Hapana, lipa miezi iliyobaki! Nikaenda ofisini na karatasi zangu, wakanifungulia ukurasa wa nyuma, kifungu kipo kwa maandishi madogo ya kupekenyua. Kilichoniuma zaidi ni kurudisha vifaa. Ruta wakapokea, chaji yake wakaikataa eti namba haifanani na ya kwenye fomu, fomu aliyoijaza fundi wao wenyewe. Nikakatwa hela. Mpangaji aliyeingia baada yangu kaukuta waya uleule ukutani, wakamuunganisha, na mimi huku bado nadaiwa.

Fundi Nyakato
Pole sana dada. Lakini ulichofungwa nacho ni mkataba, faiba haina kosa. Atafute ya kulipia mwezi kwa mwezi.

Mwana Isamilo
Mimi natumia ruta ya laini na siiachi. Nyumba yangu imekaa chini ya jabali: chumbani inasoma kijiti kimoja, nikiiweka kwenye dirisha linalotazama ziwa inajaa. Kwa hiyo usinunue kabla ya kupima. Chukua simu ya 5G yenye laini ya mtandao unaoutaka, nenda kwenye nyumba saa mbili usiku watu wakiwa wamerudi, pima kasi chumba kwa chumba. 5G haipendi kuta nene wala mawe. Na uliza kama ruta inakubali laini yoyote. Iliyofungiwa mtandao mmoja, ukihamia mtaa ambao mnara wao uko mbali, unabaki na pambo.

Mzee wa Kirumba
Mnabishana waya na hewa bure. Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, wote intaneti ilikokota.

Fundi Nyakato
Mzee, hayo ni ya baharini, hayamsaidii kuchagua. La maana ni umeme: ukikatika, ruta ya laini yenye betri inaendelea, ya faiba inataka UPS ndogo (betri ya akiba) pembeni.

Mgeni wa Jiji
Asanteni wakuu. Ni Kiseke, miezi minne, huenda ikaongezwa. Nina mikutano ya video karibu kila siku na natuma mafaili makubwa. LUKU tunachangia wapangaji watatu.

Mama Buzuruga
Miezi minne usisaini kitu cha mwaka, nakusihi. Na mwenye nyumba amekubali ukuta utobolewe? Mwambie aandike, wengine wanakuja kukata fedha ya matengenezo siku ya kuondoka.

Mzee wa Kirumba
LUKU ya kuchangia ndiyo itakayokuzimia mikutano. Mmoja akiwasha jiko la umeme usiku, yuniti zimeisha na kila mtu anasema alinunua yeye mara ya mwisho.

Binti Kerewe
Kweli kabisa. Halafu mwenye nyumba kataka kodi ya miezi mingapi?

Mgeni wa Jiji
Sita, dada. Ndiyo naendelea kumbembeleza.

Mwana Isamilo
Sita kwa mtu wa miezi minne? Usimpe. Na udai sabmita (mita yako ndogo ya umeme) kabla ya kuingia. Kiseke upande gani? Kuna fundi huko anazifunga, njoo inboksi nikupe namba.