Naomba ushauri: siku tatu Cartagena, Kolombia

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi ujao nakwenda Bogotá kikazi, nami nimeomba siku tatu za ziada nifike Cartagena de Indias, mji wa Wahispania ulioanzishwa mwaka 1533. Nyumba za njano na buluu, roshani za mbao zenye maua yanayoning'inia hadi juu ya wapita njia. Nimeutamani miaka mingi.

Mliowahi kufika, nilale ndani ya kuta za mji wa kale au mtaa wa Getsemaní? Nitakuwa mwanamke peke yangu, na Kihispania sijui zaidi ya salamu.

La pili ndilo linalonigusa zaidi. Bandari ile ilipokea Waafrika wengi mno waliouzwa utumwani, na waliotoroka wakajenga kijiji cha San Basilio de Palenque, ambako hadi leo kuna lugha yenye maneno ya Kikongo. Naweza kwenda na kurudi siku moja, au nitafute mwenyeji wa kunitembeza?

Na wale akina mama wa Palenque wanaouza matunda mjini, beseni kichwani: adabu ya kuwapiga picha ni ipi? Ninunue tunda kwanza? Sitaki kumwelekezea mtu kamera usoni kana kwamba ni pambo la ukutani.