Guka (babu) alizaliwa Nakuru 1938 enzi za koloni, anaweza kuomba uraia wa Uingereza?

Mjukuu_Nax: Habari zenu wadau, naomba msaada hapa. Guka wangu alizaliwa Nakuru 1938 na bado ana ile pasipoti ya zamani ya Koloni ya Kenya, alipewa 1959 akienda kozi ya reli, na ndani imeandikwa kabisa ni raia wa Uingereza na Makoloni. Sasa kuna broka hapa town amemwambia hiyo haki haijawahi kuisha, anataka 45,000 ya kufungua faili, na mzee ameshaanza kutafuta mtu wa kununua ng'ombe. Mimi naogopa lakini sitaki kumkatisha tamaa bure. Bado anao huo uraia ama ulienda? Na sisi wajukuu je?

BintiKisumu: Hiyo ng'ombe isitoke kwanza bwana. Uliza hivi, wazazi wa guka walizaliwa wapi? Maana pasipoti yake ni ya kweli, sheria ya 1948 iliyoanza kazi 1 Januari 1949 ilifanya waliozaliwa koloni wawe raia wa Uingereza na Makoloni, Mwafrika, Mhindi, Mzungu, wote. Mambo yalibadilika 12 Desemba 1963, siku Kenya ilipata uhuru. Kama ulizaliwa Kenya na hata mzazi mmoja tu alizaliwa Kenya, siku hiyo ulikuwa Mkenya moja kwa moja, hukujaza fomu hukuulizwa, na siku hiyo hiyo ule wa Uingereza ukatoka, isipokuwa wewe, baba yako ama babu mzaa baba alizaliwa Uingereza kwenyewe ama kwa koloni lililobaki chini yao.

Mama yangu alizaliwa hapa Kisumu 1944 lakini wazazi wake wote walitoka Gujarat, kwa hivyo yeye hakuingia moja kwa moja, walipewa miaka miwili kujiandikisha na familia ikachelewa, akabaki na pasipoti ya Uingereza. Halafu 1968 wakatunga sheria ya kuzuia watu kama yeye wasiingie, yaani una pasipoti yao na mlango wamefunga! Ilipofika 1983 wakamwita raia wa ng'ambo, jina tu, haki ya kuishi kule hakuna. Mpaka 30 Aprili 2003 ndio waliruhusu wenye hali hiyo, wasio na uraia mwingine wowote, wajiandikishe kuwa raia kamili. Alipata, lakini kuthibitisha kwamba hakuwahi kuwa Mkenya wala Mhindi kulituchosha sana, barua juu ya barua. Alilia siku cheti kilikuja.

Omwana_wa_Kakamega: Kuka (babu) wangu alipigana Burma na KAR, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika, medali tunayo nyumbani, na sisi pia broka alitudanganya hivyo hivyo, tukatoa pesa mara mbili simu ikazimwa. Kupigania mfalme hakukumwachia uraia baada ya 1963, na hiyo inaniuma mpaka leo kusema ukweli. Hao mabroka wanapenda pia kutaja sheria ya Uingereza ya 2022 ya waliodhulumiwa na sheria za zamani, kwamba inafufua kila mtu. Hapana, hiyo inasaidia mtu kama yule ambaye angekuwa raia kama mama angeruhusiwa kurithisha uraia vile baba aliruhusiwa.

Kiprono_Molo: Na mwenye babu mzungu aliyezaliwa Uingereza?

BintiKisumu: Huyo aangalie viza ya ukoo ya Uingereza, Mkenya anaruhusiwa kuomba kwa sababu tuko Jumuiya ya Madola. Anaenda kufanya kazi, uraia unafuata baadaye akitimiza masharti.

Mjukuu_Nax: Asanteni sana, mama wa BintiKisumu apewe salamu. Nimemuuliza guka jana jioni, baba yake ni wa Nyeri na mama yake Limuru, kwa hivyo alikuwa Mkenya tangu ile siku ya kwanza na sisi hatuna cha kurithi huko. Alinyamaza muda mrefu kidogo halafu akauliza, "Kwa hivyo hawakunitumia hata barua?" Nikamwambia hapana guka, hawakutuma. Broka amepigiwa simu, ng'ombe iko boma, na pasipoti ameirudisha kwa sanduku pamoja na kipande cha baba yake, kile kitambulisho cha mkoloni cha kuvaa shingoni.